Picha Sita za Kokugonza kwa Kamera Tupu

Nakumbuka mchana mmoja, miaka michache baada ya vita vya Kagera, nilipotoka shuleni nilikokuwa nafundisha nikaenda kwa miguu hadi nyumba moja nje kidogo ya Nshamba, kamera ikining'inia kifuani. Nilikuwa kijana bado, sijaoa, na siku hizo mwalimu mwenye kamera alijiona mtu mkubwa kuliko wote Muleba nzima. Mwanangu Asimwe, juzi uliniuliza ununue kamera gani, na programu ipi ya kurekebishia picha ndiyo nzuri. Nitakujibu. Ila kwanza sikiliza nilichofanya mchana ule, maana sijawahi kukusimulia, na ni aibu niliyoibeba muda mrefu.

Kamera yenyewe niliipata kwa Mzee Velji. Alikuwa na duka la vitambaa Bukoba mjini, na nyuma ya duka alikuwa na studio na chumba cha giza cha kusafishia picha. Mabomu yalipoanza kuanguka karibu na mji, nilikuwa mwanachuo wa ualimu, nikamsaidia yeye na wanawe kubeba mizigo hadi bandarini wakimbilie Mwanza. Pale kwenye kelele na vilio akanivika kamera yake ndogo shingoni. "Nikirudi utanirudishia," alisema. "Nisiporudi, ni yako." Alirudi vita vilipokwisha. Nilipompelekea kamera aliisukuma nyuma kwa vidole viwili, akasema kitu kilichokaa na mtu kipindi cha vita kimeshamjua mtu huyo. Toka siku hiyo akawa mwalimu wangu wa picha, kila nilipopata Jumamosi ya kwenda mjini.

Sikupiga picha kwa kazi. Nilipiga kwa kupenda tu. Nilipenda ukungu wa asubuhi juu ya migomba, miamba, na zaidi ya yote nililipenda ziwa. Mikanda ya picha ilikuwa adimu kama sukari. Ukipata mmoja, unaulinda, unaupangia. Wakati ule nilikuwa na mmoja tu, wa picha thelathini na sita, nimeufunga kwenye leso ndani ya mkoba. Nilikuwa nimeuwekea ziwa.

Basi, Kokugonza akaniita. Alikuwa mjane wa mwalimu mwenzangu, mwanamke aliyekuwa na sauti ya kucheka hadi watu wa barabarani wanageuka. Mumewe alikuwa ameondoka kwa ule ugonjwa, tuliokuwa bado tunaogopa hata kuutaja, na sasa yeye mwenyewe alikuwa amekonda. Miaka ile, mwanangu, kulikuwa na nyumba ambazo watu walizipita wakiwa wamegeuzia uso upande wa pili. Nyumba yake ilikuwa mojawapo. Nami, sikufichi, nilisimama uani, sikuvuka kizingiti.

Alitoka ameegemea bega la mama mkwe wake. Watoto watatu wakamfuata, mdogo kabisa, Kemilembe, akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Wote walikuwa wameoga na kupakwa mafuta. Kokugonza alikuwa amevaa gauni lake la kuendea harusi za watu, likimpwaya mabegani.

"Mwalimu, nipige na wanangu," alisema. "Hawa wakubwa watanikumbuka. Huyu mdogo hatajua mama yake alikuwa na sura gani."

"Utapona, dada," nilimwambia, kwa vile ndivyo tulivyokuwa tunasema.

Alinitazama bila hasira. "Nipige kwanza. Kupona tutaona baadaye."

Nikafungua mfuko wa kamera. Kamera ilikuwa tupu. Mkanda ulikuwa mkobani, hatua moja kutoka mkononi mwangu. Nikamwangalia yule mama, mifupa ya mashavu imechomoza, nikawaza kwamba picha hii haitakuwa nzuri, na nikianza mkanda hapa utapungua kabla sijafika ziwani. Nikainua kamera jichoni. Nikawaambia wasogeleane. Nikabonyeza. Mara sita nikabonyeza, mwanangu, na mara sita kamera ikalia kana kwamba inakula picha, na ndani hamkuwa na kitu. Kila nilipobonyeza, Kokugonza alijinyoosha kidogo, akajitahidi kutabasamu, akamgeuza mtoto uso uelekee kwangu.

Alipomaliza alikuwa anahema. "Kasinge, Mwalimu," alisema, yaani ahsante. Mama mkwe wake akaniletea buni za kutafuna zilizofungwa kwenye ganda kavu la mgomba, kama mgeni wa heshima anavyopewa kwetu. Nilizipokea. Nikatafuna njia nzima.

Mkanda nikaumalizia ziwani. Jumamosi iliyofuata nikawa kwenye chumba cha giza cha Mzee Velji, taa nyekundu ikiwaka, tunazisafisha. Ziwa likaanza kujitokeza kwenye karatasi ndani ya sinia ya dawa, mawimbi, kisha mawingu, kisha mstari wa upeo, kutoka mahali ambapo sekunde chache nyuma hapakuwa na kitu. Niliona mara nyingi jambo lile na kila mara nywele zilinisimama. Mzee Velji alisifu. Kisha akauliza, "Na yule mama wa Nshamba uliyesema amekuita? Yuko picha ya ngapi?"

Nikacheka. Nilidhani kwa kuwa ni mpiga picha mwenzangu, atanielewa. Nikamweleza jinsi nilivyobonyeza kamera tupu ili nisimvunje moyo na nisiharibu mkanda.

Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Mwalimu," alisema, "tulipokimbia vita niliacha duka limefungwa. Tuliporudi limevunjwa. Vitambaa nimeagiza vingine. Lakini ukutani kulikuwa na picha ya mke wangu, aliyefariki kabla ya vita. Moja tu, nayo sikuikuta. Nimepiga mji huu wote, maharusi, mapadri, watoto wa kipaimara, na yeye nilikuwa namwambia kesho, kesho. Sasa nikifumba macho naiona shali yake. Bangili naziona. Uso sioni."

"Ziwa lako litakuwepo kesho," aliendelea. "Litakuwepo hata ukishakufa wewe. Yule mama hayupo kesho. Umemwona kwa jicho langu hilo nililokupa, ukamdanganya."

Akafungua droo, akatoa mkanda mpya, uliokuwa wa mwisho alionao, akaniwekea kiganjani na kunikunja vidole juu yake.

Nilisafiri siku ileile kurudi Muleba. Nilishuka Nshamba alasiri. Niliogopa kuuliza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika kahawa kwenye mkeka aliniambia, "Bado yupo. Ila haamki tena." Nikakimbia, mimi mwalimu, mchana kweupe, kati ya migomba ya watu.

Safari hii nilivuka kizingiti. Kokugonza alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango, mahali mwanga unapoingia. Nikakaa chini, karibu naye kiasi cha kuguswa, nikamwambia yote. Nilimwambia kamera ilikuwa tupu, na mkanda ulikuwa mkobani. Nilimwambia na la ziwa pia. Mama mkwe wake alifunika mdomo kwa kiganja. Kokugonza aliangalia dari, nami nikangoja anifukuze.

"Kwa hiyo siku ile nilijipamba bure?" alisema hatimaye.

"Bure, dada. Nisamehe."

Na akacheka, mwanangu. Kile kicheko cha zamani, kidogo tu, kikaishia kwenye kikohozi. "Mae," alimwambia mama mkwe wake, "nifunge kilemba tena. Na wewe Mwalimu, leo usitupange mstari kama wanafunzi wako. Nitafanya ninavyofanya siku zote. Wewe piga."

Mama mkwe wake akamwinua, akamwegemeza kwenye fremu ya mlango. Kokugonza akamwita Kemilembe, akampakata, akaanza kumpaka mafuta kichwani, polepole, kwa vidole vilivyobaki mifupa. Wale wawili wakubwa wakaja wenyewe wakaegemea magoti yake. Mwanga wa mlangoni ulimpiga ubavuni mwa uso. Nilipoangalia ndani ya kamera sikumwona mgonjwa. Nilimwona mama anampaka mwanawe mafuta, na mtoto kainua macho kumtazama, naye kainamisha uso kumtazama mtoto, na baina ya macho yale kulikuwa na kitu kikubwa kiasi kwamba nilihisi nimeingia patakatifu na viatu vyangu. Niliupiga mkanda wote. Nilikuwa nalia na sikujua.

Nilirudi mjini asubuhi iliyofuata. Mzee Velji alinifungulia bila kuuliza. Tulipotumbukiza karatasi ya kwanza kwenye dawa, kikatokea kwanza kilemba, halafu mkono, halafu jicho. Kisha uso wote, ukitutazama kutoka chini ya maji. Mzee yule, aliyekuwa amesafisha picha maisha yake yote, akavua miwani. Tulisimama pale kama watu waliomwona mtu akizaliwa.

Kokugonza aliziona. Alishika ile ya mafuta kwa mikono miwili, akaiangalia mpaka nikadhani amesinzia. "Huyu ni mimi kabisa," alisema. Akaniamuru niandike nyuma majina ya watoto, na jina lake, na jina la kijiji. Aliondoka duniani wiki ya pili baada ya hapo. Watoto waligawanywa kwa ndugu, mmoja Karagwe, mmoja Buhembe, Kemilembe Mwanza, kila mmoja na picha yake ndani ya daftari.

Kilichobaki unakijua, kwa sababu ulikuwepo. Mwaka jana Kemilembe alikuja hapa Ijuganyondo, mama mtu mzima, picha yake imeliwa na mchwa. Nikamtolea negativu za mkanda ule, nilizozitunza, nawe ukaja na kile chombo chako ukaziingiza kwenye kompyuta. Uso wa Kokugonza ukajaa kioo chote, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona, hata mafuta yaling'aa kwenye vidole. Wewe, kwa moyo mwema, ukaanza kumjazia mashavu kwa programu. Kemilembe akakushika mkono. "Usimnenepeshe," alisema. "Aliniangalia akiwa hivyohivyo." Sauti ya mama yake haikumbuki, alituambia, lakini anajua alivyotazamwa. Nami mzee mzima nikatoka nje nikasimama kwenye kibanja, kati ya migomba.

Sasa nikujibu swali lako. Usinunue kamera kwa ajili ya namba zilizoandikwa kwenye boksi. Ishike. Ikiwa nzito kiasi kwamba utaiacha nyumbani, hiyo si yako, hata wakusifie vipi. Ya mtumba inafaa, ila ielekeze lenzi kwenye mwanga uangalie kama ina ukungu ndani, maana unyevu wa huku kwetu unakula vioo. Na ukishaipata, itunze pakavu. Chaji betri kabla hujatoka, na hakikisha memori kadi imo na ina nafasi. Huna tena sababu niliyokuwa nayo mimi ya kubania picha, kwa hiyo usimbanie mtu. Akikuomba, mpige kwelikweli, na umpe picha yake mkononi, kwenye karatasi.

Programu tumia. Mzee Velji naye alikuwa anafunika na kufunua mwanga kwa viganja vyake kwenye chumba cha giza, si dhambi. Nyoosha iliyopinda, ongeza mwanga penye giza. Ila nakala ya kwanza usiiguse, na hifadhi picha mahali pawili, siyo kwenye kompyuta peke yake. Andika majina. Uso usio na jina, baada ya miaka thelathini ni uso wa mgeni. Na mgonjwa, au mtu aliye msibani, usimrushe mtandaoni ili wewe usifiwe. Muulize kwanza, ukiwa umekaa chini, karibu naye.

Ziwa pia lipige. Mimi bado nalipenda. Lakini anza na walio ndani ya nyumba yako.

Mungu wa wazazi wetu akupe macho yasiyopita watu. Akupe mkono mtulivu, na miguu inayovuka kizingiti wengine wanapogeuza uso. Kila utakayemtazama kupitia kioo hicho, na aondoke akijua kwamba ameonwa. Nenda kwa amani, mwanangu.