Aliyemliza Binti Yangu Ni Mwenzetu wa Kanisani

Jamani, nimekasirika.

Jioni hii nilimpeleka Neema, binti yangu wa miaka sita, aombe peremende za Halloween, ule usiku ambao watoto wa huku ughaibuni huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba, hapa mtaani kwetu Apple Valley. Alijivika nguo za kipepeo, mabawa juu ya jaketi, maana baridi ya huku mnaijua.

Tukafika kwa dada mmoja Mkenya tunayesali naye. Mimi nilibaki barabarani, kwa hivyo hakuniona, ingawa nilimsikia.

Akamwambia mtoto, "Hii ni ibada ya shetani. Mwambie mama yako aokoke."

Neema akarudi akilia. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama Mungu amemkasirikia.

Nikaenda mlangoni mwenyewe.

"Dada, kama hutaki Halloween, zima taa ya nje, watoto watajua wasibishe hodi. Hata mimi siipendi sana. Lakini ukiwa na neno nami, niambie mimi."

"Nilikuwa namsaidia mtoto."

"Basi mwombe msamaha."

Akafunga mlango.

Mume wake ndiye aliyetufuata, miguu mitupu kwenye baridi. Akachuchumaa mbele ya Neema, akamwambia pole.

Mkewe bado namngoja aombe msamaha. Jumapili kanisani nitaketi benchi moja naye, Neema katikati yetu.

Wazazi wenzangu, nimekosea wapi?