Neno Nililobadilisha Katika Gazeti

Mimi si mtu wa kuongea. Hata shuleni, mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake ninalijua, shingo inapata joto na maneno yanakataa kutoka. Kwa hivyo hata mimi hushangaa nikikumbuka kwamba kwa karibu mwaka mzima, wakati wa hali ya hatari, mimi ndiye niliyekuwa sauti ya gazeti katika laini yetu.

Laini yetu, safu ya nyumba za vibarua, ilikuwa Ruiru, katika shamba la kahawa la mzungu mmoja, nyuma ya kiwanda cha kuoshea kahawa. Baba alikuwa karani wa kupima madebe. Kila Jumamosi alileta gazeti la Kiswahili kutoka Thika, akalisoma kimya, kisha akanipa bila kusema kitu. Wakati huo kina mama walikuwa wametoka kuchuma, wamenawa miguu, wamekaa nje ya mlango wetu wakisuka viondo. Wengi hawakujua kusoma, na Kiswahili chao kilikuwa cha kumjibu nyapara tu. Nilikuwa nikisoma sentensi moja kwa Kiswahili, halafu naigeuza kwa Kikuyu. Sikuona haya, kwa sababu maneno hayakuwa yangu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Gavana. Amefungua daraja, amepokea wageni kutoka Uingereza. Jirani yetu, mama mnene asiyeogopa kucheka mbele ya mtu yeyote, hakutaka kuusikia.

"Huyo hata akipiga chafya wataandika. Ruka, kairitu, msichana wangu."

Nikaruka. Halafu bei ya kahawa huko London.

"Imepanda?" jirani aliuliza kila wiki.

Nikisema imepanda, alikuwa akiitazama mikono yake. "Basi hii bado haijaambiwa."

Halafu Wamisri na mfereji wao. Hayo waliyapenda sana. Walitaka kujua kama Wamisri ni weusi, wanalima nini, na kwa nini gazeti linawaita wakaidi wakati mfereji uko kwao. Gazeti halikuandika.

Mwisho tulifika ukurasa wa tatu, chini, kwenye kona. Habari za vita vya msituni zilikuwa hapo, mistari mitano au sita. Magaidi kadhaa wameuawa mahali fulani. Jina, hakuna hata moja. Wiki moja ukurasa huohuo ulikuwa na picha ya ng'ombe aliyeshinda kwenye maonyesho ya wakulima, na jina lake limeandikwa, na jina la mama yake. Jirani aliniomba nirudie jina la yule ng'ombe. Siku hiyo hakucheka. Kila nilipofika kwenye ile kona, mikono yao ilipunguza mwendo wa kusuka, na kila mmoja alisikiliza kama mtu asiyesikiliza, maana homugadi wa laini, mlinzi mwenyeji aliyewekwa na serikali, alipenda kupita karibu.

Tata, yaani mama yangu mdogo, alikuwa akikaa karibu kabisa na miguu yangu. Kijana wake wa pekee alikuwa ametoweka mwaka uliotangulia. Tulisema yuko Kampala, anafanya kazi ya reli. Tulimwambia homugadi hivyo, tukamwambia na mhubiri, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuiona hiyo reli. Lakini tulijua yuko msituni. Alikuwa ameondoka na sweta yake ya shule, ya kijani, ambayo tata aliitia viraka vya kahawia kwenye viwiko kwa sababu hakupata kitambaa cha rangi nyingine.

Jumamosi ile nilisoma kama kawaida. "Askari walikutana na genge karibu na mto Chania, juu ya maporomoko. Kijana mmoja mwenye sweta ya kijani yenye viraka vya kahawia..."

Mkono wa tata, uliokuwa ukisokota uzi juu ya paja, ulisimama. Kiswahili hicho alikielewa.

Mstari uliofuata ulisema: "alikuwa miongoni mwa magaidi watatu waliouawa." Nililiona lile neno. Nikamwona tata. Nikasoma, "waliokamatwa." Halafu nikageuza kwa Kikuyu: wamekamatwa watatu, wamepelekwa Thika. Hiyo Thika niliitoa kichwani, sijui kwa nini. Labda uongo haukai bila mahali pa kukaa.

"Rudia hapo," tata akasema, taratibu.

Nikarudia. Mara ya pili sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

"Aliyekamatwa hupewa hata uji," jirani akasema, bila kumtazama mtu. "Haya, soma mambo ya Wamisri tena. Nimesahau walipofika."

Baba alikuwa amelisoma gazeti kabla yangu. Sijawahi kumwuliza kama aliiona ile habari.

Jumatatu asubuhi nilimkuta tata njiani nikienda shule. Amejifunga kitambaa shavuni kama mtu anayeumwa jino. Mgongoni blanketi, mkononi kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha.

"Nimepata pasi ya kwenda hospitali Thika," akasema. "Usimwambie mama yako mpaka nirudi. Unafikiri wataniruhusu nimwone?"

Hapo ndipo ningesema. Njia ilikuwa tupu, sisi wawili tu, umande bado kwenye majani ya kahawa. Shingo ikapata joto. Nikasema, "Sijui, tata." Akanigusa kichwani akaenda, anatembea haraka kama msichana.

Hakurudi siku hiyo, wala mwezi huo. Tulisikia kwamba alifika kwa askari akaulizia kijana wa sweta ya kijani, na kwa kuulizia huko akawa amekiri yeye ni mama wa nani. Uongo wetu wote wa Kampala ulikwisha kwa swali moja. Alipelekwa kambi ya wanawake. Homugadi alikuja kuuliza ni nani alimsomea gazeti. Tata alikuwa ameshajibu huko Thika kwamba ni mtu asiyemjua, kwenye kituo cha basi. Kwa hivyo mlango wetu haukuguswa. Niliwaambia kina mama kwamba macho yananiuma, sitasoma tena. Jirani peke yake alinitazama kwa muda mrefu.

Tata alifunguliwa mwaka uliopita, akapewa nyumba katika kijiji kipya upande wa Mugutha. Nilipofunga shule nilienda kumwona. Alikuwa akichambua maharagwe. Amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Nilikaa, nikachambua naye mpaka maharagwe ya ungoni yakawa karibu kuisha, ndipo nikasema.

"Tata, ni mimi. Gazeti halikusema..."

"Najua lilivyosema. Askari alilitoa kwenye meza akanisomea." Akapuliza maganda. "Alisoma vizuri kuliko wewe."

Nilianza kulia. Hakuninyamazisha.

"Ungeniambia, ningelia pale nje ya mlango wenu, katikati ya watu wangu. Yule mnene angenishika. Mimi nililia mbele ya askari aliyekuwa akila viazi vyangu." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. Halafu akauliza, "Yule aliyeandika, alimwona?"

"Nani?"

"Mtu wa gazeti. Alisimama pale mtoni akamwona mtoto wangu?"

"Sidhani, tata. Nafikiri aliambiwa na serikali."

"Na huyo wa serikali alimwona?"

"Labda na yeye aliambiwa na askari."

"Kwa hivyo aliambiwa, na huyo naye akaambiwa. Halafu wewe ukaniambia." Akaokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa nje. "Sweta hata mtu mwingine anaweza kuivaa. Mpaka leo hakuna mtu aliyekuja akaniambia, nilimwona kwa macho yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba amekufa. Nilikuwa nimekwenda kusema ukweli, wote. Lakini nilimwona akinitazama, na nikajua kwamba kutoka mdomoni mwangu neno hilo halina uzito tena. Uzito huo nilikuwa nimeutumia wote siku ile ya gazeti.

Mhubiri amemwomba mara mbili amruhusu amtaje yule kijana katika sala ya marehemu. Amekataa. Jumapili, wakiombewa walio safarini, yeye ndiye anayesema Amina kwa sauti kubwa kuliko wote, na mimi, nikiwa likizo, hupiga magoti kando yake, nimefunga mdomo.