Kuna Karanga Humu?

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kanga mpya, na kabla ya saa nne ilikuwa imejaa masizi. Ilikuwa shule ya msingi ya kutwa pale Magomeni, Kilosa mjini. Jiko lilikuwa banda la mabati, na sufuria ya makande ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuoga ndani yake. Mwalimu Mkuu, mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, alinionyesha stoo, akaniambia jambo moja tu: "Mama Asha, watoto wakishiba, mimi sina kesi." Kwa miaka mingi niliamini kazi ya mpishi wa shule ndiyo hiyo, kushibisha.

Nawaandikia ninyi mnaoshika upawa leo. Mimi niliishia darasa la saba. Nitasema niliyoyaona, na nisiyoyajua nitayaacha.

Wakati ule chakula kilikuwa kimoja kwa wote. Asubuhi tulipika uji wa lishe, yaani uji wa unga wa mahindi, mtama, soya na karanga uliosagwa pamoja. Mchana tulipika makande. Mtoto alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akala. Hakuuliza kilichomo. Huko kwetu mtoto anayeuliza chakula kimetiwa nini huonekana anamtuhumu aliyekipika. Mtoto akitapika au akitoka vipele, tulisema uji umemkataa, tukampa maji. Hatukuwa na neno jingine.

Baadaye mume wangu, baba Asha, alipata kazi Mikumi ya kuendesha mashine ya kusaga kando ya barabara kuu. Nikamfuata, nikapata jiko katika shule ya bweni. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa mwanamke mkali wa macho. Alipita jikoni kila asubuhi, akaonja uji, akaondoka bila kusema kitu. Akisema kitu, ujue una kazi ya kurudia. Nilianza kwa kumwogopa, nikaishia kumpenda.

Ndipo akaja Minza. Alitoka upande wa Rudewa, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Baba yake alihamahama na ng'ombe kufuata malisho, kwa hiyo bila bweni hakuna shule, angerudi kuchunga. Wiki ile ile aliyofika alikunywa uji, midomo ikavimba, sauti ikakauka, akaanza kuvuta pumzi kwa mlio. Mwalimu wa Afya alimpakata kwenye bodaboda wakakimbilia zahanati. Mganga Mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa zahanati, alimdunga adrenalini, dawa ya dharura ya kufungua njia ya hewa. Kisha alikuja shuleni kutueleza. Alisema ni aleji, au mzio kama unavyoandikwa vitabuni: mwili unakipokea chakula cha kawaida kama adui. Chakula chenyewe kwa Minza kilikuwa karanga. Kidogo tu kinatosha, alisema, na dalili zikianza tusikae kungoja tuone zitafika wapi, tumpeleke mara moja.

Mwalimu Mkuu alimwita mama yake aje amchukue. "Siwezi kumzika mtoto wa mtu kwa ajili ya uji," alisema.

Yule mama alikuja, mrefu, mpole, Kiswahili chake cha kuchaguachagua. Alikiri kwamba karanga zilimsumbua Minza tangu mdogo. Hakuwa amesema kwa kuogopa asije akakataliwa shule. Hakubembeleza. Alianza kukunja blanketi la mtoto. Mimi ndiye niliyeomba tujaribu kupika bila karanga.

"Ukikosea?" Mwalimu Mkuu aliniuliza.

"Nitakuwa nimekosea, mwalimu. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Alilitazama lile blanketi lililokunjwa nusu. "Muhula mmoja," akasema.

Tulitoa karanga kwenye unga wa shule nzima, maana jiko lenye sufuria mbili zinazofanana halikawii kukosea. Wazazi wengine walilalamika kwamba uji umepoteza ladha, na ni kweli ulipoteza. Hata hivyo, asubuhi moja Minza alitoka vipele shingoni kwa uji huo usiotiwa karanga. Mganga Mfawidhi alimtibu, akauliza unga tunasaga wapi.

Jioni nilimuuliza baba Asha, maana tulisaga kwake. Alitikisa kichwa. "Mashine haina adabu, mama Asha. Cha aliyetangulia inampa anayefuata."

Kila mwanamke wa Mikumi analijua hilo, ndiyo maana hakuna anayependa kusaga nyuma ya mtu mwenye makopa, ile mihogo mikavu, ugali wake ukabadilika rangi. Lakini hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria kwa karanga. Tangu hapo unga wa shule ulikuwa wa kwanza asubuhi. Baba Asha aliifungua mashine, akaisugua kwa brashi, akapitisha kwanza mahindi ya kuku yabebe mabaki, ndipo akatia ya watoto. Mganga alisema ni vizuri, ila tusijidanganye: tumepunguza hatari, hatujaimaliza.

Mwalimu Mkuu naye alikuwa na swali lake. "Humu ndani tutamlinda. Akitoka getini, nani atamlinda?" Akaagiza Minza aulize kila mlo, hata kama amenikuta napika.

Kwa mtoto yule lilikuwa jambo zito kuliko sindano. Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba kuhoji chakula ni kumtukana mwenye nyumba. Siku za mwanzo aliuliza akiitazama sahani: "Shikamoo mama. Kuna karanga humu?" Nami nilimjibu, "Marahaba. Hakuna, mwanangu." Wenzake walimpa jina la Bwana Afya, kama yule mkaguzi wa migahawa. Siku moja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akasema, "Bwana Afya, hebu kagua na nyama, mbona siioni?" Foleni yote ikacheka, na Minza naye akacheka. Toka siku hiyo sauti yake ilipanda kidogo.

Ikafika siku ya wazazi kutembelea. Mama wa rafiki yake, mkulima wa Msowero, alikuwa amebeba wali na mchicha. Akampakulia Minza, akamkaribisha vizuri. Minza akapokea kwa mikono miwili, kisha akauliza, kwa sauti kama uzi.

Yule mama akashusha kijiko. "Mtoto huyu amelelewa wapi? Mimi namkaribisha, yeye ananihoji kama polisi."

Minza akainamisha kichwa. Nikaona mkono wake ukikata tonge. Nilikuwa mlangoni pa jiko, mbali. Nikaanza kwenda mbio, na mbio zangu si za kufika popote.

Mama yake Minza, aliyekuja pia siku ile, alikuwa amekaa pembeni yake. Akasimama, akamshika mkono mtoto. "Nimemlea mimi," akasema. "Mjibu, dada."

"Si mchicha wa karanga huu? Zimo, ndiyo."

"Asante. Basi hatakula."

Minza akaenda kunawa. Yule wa Msowero alipoelezwa alishika kichwa kwa mikono miwili, akatafuta ndizi kwenye kikapu chake akampa, na hakuacha kumwomba radhi hadi jua linaelekea kuzama.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameona yote. Alikuja jikoni, akaonja maharage. "Mama Asha, ule muhula wetu umekwisha?"

"Bado, mwalimu."

"Basi tusiuhesabu tena."

Minza alimaliza darasa la saba pale pale, na sasa yuko sekondari. Mimi nilipumzika kazi, tukarudi Kilosa, baba Asha na mimi. Nikitazama nyuma sina kinyongo. Mgongo unauma, macho yameharibiwa na moshi, lakini nilipika, watoto wakala, wakakua. Nikipokea mgeni siku hizi namuuliza kwanza asichokula. Wengine hunishangaa.

Mwaka huu baba Asha amefariki. Nilikuwa ndani, nimekaa eda kama ilivyo kwa mjane, na tangu mazishi nilikuwa sijala kitu. Uani wanawake wa mtaa walikuwa wakipika. Nikasikia sauti ya msichana ikiwaamkia, "Shikamooni," wakamwitikia, wakampa pole ya safari, wakamwambia akae ale.

"Asante, mama zangu. Kuna karanga humu?"

Nikaushika ukingo wa mkeka.

"Kwenye mboga zimo," mwanamke mmoja akajibu. "Usiguse hiyo. Hebu nipisheni nioshe upawa, nimpakulie mtoto maharage."

Nikasikia sahani ikiwekwa chini, na watu wakiendelea na mazungumzo yao. Nikamwita Asha, nikamwambia aniletee na mimi kidogo.