Nilimwambia Aombe Radhi

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, nikaja Johannesburg na mkasi mmoja. Leo nina cherehani nne Joubert Park na sijawahi kumpigia mtu magoti. Siandiki haya ili nihurumiwe.

Mwanangu wa pekee amefungwa, kwa kosa alilolitenda kweli. Mwaka huu angefika mbele ya bodi inayoamua nani atoke mapema kwa mwenendo mzuri. Kabla ya hapo askari wakakuta simu chini ya godoro lake. Seli imejaa watu, na simu haikuwa yake. Akaitwa ajieleze.

Nilipokwenda kumwona, akaniuliza kupitia kioo, "Baba, nikatae?"

"Wewe utabishana na wakubwa? Omba radhi yaishe."

"Lakini si yangu."

"Nimekuuliza ni ya nani? Omba radhi!"

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mkubwa akikasirika unaomba radhi kwanza, hata kama hukukosa. Anatulia, mnakula. Nimepatanisha nyumba nyingi hapa mtaani kwa njia hiyo hiyo.

Akaomba radhi. Wakaandika kwamba amekiri.

Karatasi yao nilimwonyesha mteja wangu, mama Mkongo anayesaidia wafungwa kupitia kanisa lao. Alikuwa amefuata sketi yake. Alianza kuisoma amesimama, akamaliza ameketi.

"Papa, nani alimwambia akubali?"

"Hakukubali. Aliomba radhi."

"Eish, Papa! Sheria inamruhusu kukataa. Aite mashahidi, awahoji hata hao askari. Ni haki ya mfungwa, imeandikwa."

"Basi waambie ni mimi niliyemtuma."

"Wewe si mfungwa, Papa. Neno lako watalitia wapi?"

Nilikwenda gerezani hata hivyo, nimevaa suti niliyoishona mwenyewe, nikamweleza yote askari wa dirishani. Nilitaka nifokewe, nipate pa kuanzia kuomba radhi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Sharp, baba, nimesikia," akasema, akaita anayefuata.

Bodi imemkatalia. Wamesema kosa la simu bado bichi.

Jumapili iliyopita mwanangu alikuwa na fomu mkononi, ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Akaibandika kwenye kioo nione, kana kwamba ningeweza kukisoma Kiingereza chake.

"Baba, hapa niandike nini?"

Maisha yangu yote nimewaambia watu la kufanya.

"Muulize mtu mwingine," nikamjibu.

Akacheka. Alidhani namtania, akaishika kalamu akinisubiri.