Wimbo wa Msiba Kwenye Gari la Pamba

Binti yake Jenifer alipofariki na mimba yake ya kwanza, Domitila wa Kasoli alikaa hana sauti hadi siku ya kumaliza matanga. Hapo ndipo aliposimama, akamwimbia. Alimwita kwa jina, akamwambia chakula kipo, mlango uko wazi, arudi nyumbani. Watu wakaangua kilio upya. Shemeji yake Mayige, aliyekuwa na redio kaseti, akaunasa wimbo ule.

Mayige hakuwa na nia mbaya. Alimwazima kaseti hiyo rafiki yake Mudathiri, muuza kaseti wa Bariadi mjini, aisikilize tu. Mudathiri akatoa nakala.

Wakati huo wanunuzi binafsi wa pamba ndio kwanza wameruhusiwa, na kila mmoja alikuja na gari lake la matangazo. Siku moja Domitila alikuwa shambani akichuma pamba, akasikia spika barabarani. Sauti ilikuwa ya mwanamke mwingine, lakini wimbo ulikuwa wake. Palipokuwa na jina la Jenifer, pametiwa pamba: pamba njoo nyumbani, mizani ipo, mlango uko wazi. Watoto walilikimbiza gari wakicheza. Domitila alikaa chini papo hapo, katikati ya pamba.

Kesho yake, Mayige alipokiri kuwa kaseti alimwazima Mudathiri, alimchukua wakaenda dukani kwake.

"Mwanangu, ule ni msiba wangu. Utoe kwenye gari."

Mudathiri alimpisha kiti. "Pole, mama. Wanunuzi walitaka wimbo unaopendwa, nikawatafutia na mwimbaji. Lakini wimbo ulioimbwa mbele za watu una mwenyewe? Hata wewe, Mayige kaniambia mahadhi yake uliyatoa kwa bibi Felisita, yule mwimbaji mkongwe wa kwenu."

"Nilimwomba!" Domitila alipaza sauti hadi wapita njia wakageuka. "Nilimpigia magoti, akaniruhusu kwa ajili ya mtoto. Wewe ulimwomba nani?"

Mudathiri aliinamisha kichwa. Akaitoa kaseti, akamkabidhi kwa mikono miwili. Lakini nakala zilikwishafika Mwanza, na gari halikuwa lake.

"Basi waambie waondoe angalau ule mlango," Domitila alimsihi, amemshika mkono. "Mlango niliusema mimi."

"Hawatanisikiliza, mama."

Njia nzima Mayige alikuwa akimwomba radhi. Domitila alitangulia mbele, kaseti ameikumbatia kifuani.

Mwaka ulipotimia, ndugu walikusanyika kumkumbuka Jenifer, wakamwomba mama yake aimbe. Alikataa, wakambembeleza, akasimama. Alipofika penye jina, kabla hajalitamka, watoto wa jirani waliitikia kwa shangwe, "Pamba!" Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Domitila alijaribu kulitaja jina la mwanawe, halikutoka. Alijaribu tena. Wanawake walimshika, wakamkalisha mkekani, naye akawa anawauliza mmoja mmoja, "Sasa nitamwita kwa wimbo gani?"