Mahali pa Kumweka Tausi

Siku niliyoingia kazini kwa Bwana Sonara, Singida mjini, sikupewa msumeno wala randa. Nilipewa kikasha kitupu cha mninga, kisha nikaulizwa, "Tausi atakaa wapi?"

Nilikuwa nimetoka shule ya misheni huko Iramba, nikiwa na ufundi wa useremala na imani ya kijana kwamba kila swali lina jibu. Nikajibu kwamba tausi hukaa bustanini. Bwana Sonara akasema, "Fundi, ukitaka kuchekesha watu, nenda mnadani. Hapa tunauza hereni."

Vijana wa leo, mnaonunua mkufu ukiwa ndani ya kijaluba kilichopigwa chapa kiwandani, hamwezi kujua udhia uliofichwa katika swali lile. Wakati huo wa Mwingereza, duka letu lilifua dhahabu na fedha kwa mkono, na alama yake ilikuwa tausi mwenye mkia uliofunguka. Tausi huyo alikuwa juu ya mlango na juu ya stakabadhi. Bwana Sonara alitaka awe pia juu ya kila kikasha, ili bibi harusi wa Ulemo au wa Mkiwa akikifungua mbele ya wageni, wote wajue pambo limetoka kwa nani. Ombi lenyewe halikuwa baya. Ubaya wake ni kwamba aliyeomba alibadili nia kila mwezi, na mbao haikukubali nia yoyote.

Kutengeneza kikasha nilikumudu upesi. Mninga hukatwa ukiwa mkavu, husuguliwa kwa msasa mkali kisha kwa msasa laini, na ndani hubandikwa mahameli, kile kitambaa chenye manyoya mafupi ambacho hulaza hereni kama mtoto. Tulianza na muhuri wa mpira. Mninga una mafuta yake, na wino juu ya mafuta hautulii. Hufuata nyuzi za mbao kama maji yanavyofuata mfereji. Tausi wetu alitoka kama kuku aliyenyeshewa. Nilimwonyesha Bwana Sonara. Akasema nibonyeze kwa nguvu zaidi. Nikabonyeza, akatoka kuku mnene.

Tukahamia kwenye lebo, yaani vipande vya karatasi vilivyochapwa Dar es Salaam, vikaja kwa treni hadi Manyoni na kwa lori hadi kwetu. Lebo zilikuwa nzuri, sikatai. Lakini gundi yetu ilikuwa ya unga wa ngano, na mende wa Singida hawana staha mbele ya unga wa ngano. Karatasi iliyowaponyoka mende iliangukia mikononi mwa upepo wa kiangazi, ambao hukausha kila kitu hadi kikunjamane. Nilibandika asubuhi, nikabandua jioni. "Bandika tena," alisema Bwana Sonara, bila kuinua macho kutoka kwenye mizani yake.

Njia ya tatu ilikuwa kubonyeza bila moto. Unachonga alama kwenye shaba, unaiweka juu ya kifuniko, unakaza kwa jiriwa hadi alama izame. Ngozi hulikubali jambo hili. Mninga ulipasuka.

Hapo Bwana Sonara aliweka mizani chini. "Sikiliza, fundi. Baada ya mavuno watu wanaoa. Kama mpaka hapo tausi hajapata pa kukaa, naagiza vibweta vya bati kutoka pwani. Na bati halihitaji seremala."

Nilikuwa na mke na mama mgonjwa. Sikuwa na shamba mjini wala kazi nyingine ya kukimbilia. Kwa hiyo alipotamka neno "moto," sikubishana naye sana. Alichukua kipande cha shaba, akakaa nacho dirishani kwa siku kadhaa, akamchonga tausi kinyumenyume kwa patasi ndogo kama sindano. Lazima niseme kweli: mkono wake ulikuwa mkono wa bingwa. Kila unyoya ulionekana. Nikakitia kipande kile mpini wa mti, nikajifunza kukipasha juu ya makaa na kukipima kwa unyasi: unyasi ukigeuka rangi ya kahawia bila kushika moto, shaba iko tayari, ukiwaka, subiri ipoe. Tausi akazama kwenye mninga akiwa mweusi, safi, asiyefutika. Mende hawakumtaka. Upepo haukumweza.

Pingamizi langu lilikuwa moja tu, kwamba juu ya mbao zenye michirizi ya giza hakuonekana vizuri.

"Wewe," alisema Bwana Sonara, "siku utakayofika peponi utauliza kama malango yamepigwa msasa."

Tukaanza kuuza. Mteja mmoja wa mwanzo alikuwa Mwalimu, kijana mpole aliyekuwa akifundisha Ikungi, ambaye alinunua hereni na bangili za kumpelekea mchumba wake. Aliondoka akitabasamu. Siku chache baadaye alirudi bila tabasamu, akitanguliwa na mama wa makamo aliyekibeba kikasha chetu kwa vidole viwili, kama mtu abebavyo panya aliyekufa. Alikuwa shangazi wa bibi harusi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ni wewe uliyepiga hii?"

"Ni mimi, mama."

"Kwenu wanafuga?"

"Wanafuga."

"Basi huna hata kisingizio." Akakiweka kikasha juu ya meza. "Mnunuzi mnadani akishamlipia ng'ombe, anamfanya nini?"

Nilijua jibu, na nikaona aibu yote inavyokuja. "Anampiga chapa ya moto."

"Halafu ng'ombe anakwenda wapi?"

"Manyoni. Kwenye treni."

"Na harudi." Akamgeukia Bwana Sonara. "Kaka yangu ana binti mmoja. Anaolewa, hakununuliwa mnadani. Wazee wamekiona hiki, wamesema, kumbe mahari ile ilikuwa bei. Wamesimamisha harusi."

Mwalimu alisema kwa sauti ndogo, "Nimewaeleza kwamba ni alama ya duka tu."

"Mwalimu, nyamaza, baba. Ulipoeleza ndipo walipokasirika." Akamrudia Bwana Sonara. "Na wewe, kinachonishangaza zaidi ni hiki. Yule wa mnadani hupiga chapa kwa sababu amenunua. Wewe umeuza. Hela umepokea. Alama yako bado inatafuta nini kwenye mali ya watu?"

Bwana Sonara alijibu kwamba alama ni heshima ya kazi. Shangazi akajibu kwamba heshima haichomi. Bwana Sonara akasema basi atatoa kikasha kisicho na alama. Shangazi akakataa: kikasha cha namna hiyo hata mchuuzi wa gulioni anacho, wangesema Mwalimu ameokota bangili njiani. Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, akaongeza kwamba mahameli ya kijani haimpendezi. Nilimwona mwajiri wangu akinitazama, na katika jicho lake niliona bati, mabunda kwa mabunda, likishuka kutoka kwenye lori.

Sikuwa na hekima yoyote wakati ule. Nilikuwa na hasira. Niligeuka kutafuta kitambaa cha kujifutia jasho, nikafungua mtoto wa meza asiyekuwa wangu, na mle ndani nikaona vijiti vya lakiri, ile nta ngumu nyekundu ambayo posta hutumia kufungia vifurushi vya thamani. Bwana Sonara aliitumia kila alipotuma dhahabu pwani, na kwa muda wote ule nilipokuwa nikihangaika na wino, unga na jiriwa, vijiti vile vilikuwa kwenye mtoto wa meza yake. Hilo sijamsamehe kabisa hadi leo.

Nikachukua kikasha kipya kisichochomwa, nikahamishia mapambo ndani yake, nikakizungushia uzi wa hariri na kuufunga fundo juu ya kifuniko. Nikayeyusha lakiri juu ya fundo, nikaigandamiza kwa shaba ileile ikiwa baridi. Tausi akainuka, mwekundu, kila unyoya mahali pake.

"Hii haishiki kwenye mbao, mama," nikasema. "Imeshika uzi tu. Inawaambia wageni pambo limetoka wapi, na kwamba njiani halikuguswa na mtu. Binti akivunja, alama imekwisha. Kinachobaki ni chake."

Shangazi alikigeuza huku na huku. "Anavunja yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Mbele ya wazee."

"Wacha nione kama inavunjika." Akaivunja palepale. Vipande vya tausi vikaanguka sakafuni. "Inavunjika. Nifungie tena."

Bwana Sonara aliinama, akaokota kipande cha mkia. "Nimechonga siku kadhaa," akasema, "ili mtu avunje kwa kidole?"

"Ndiyo," akasema shangazi. "Na kitambaa chekundu."

Harusi ilifanyika. Vibweta vya bati havikuja. Baada ya mavuno tulifunga vikasha hadi vidole vyangu vikapata malengelenge ya lakiri. Usidhani, hata hivyo, kwamba udhia uliisha. Baadaye nilipelekwa tawi la Manyoni, ambako Msimamizi wa Tawi, mtu mwenye ubahili wa ajabu, aliagiza lakiri ipigwe chini ya kikasha, mbali na fundo, ili wateja wasiiharibu. Nilimweleza kwamba muhuri usiovunjwa haufungi kitu. Akaniuliza kwa nini basi tunalipia lakiri. Niliyarudia maelezo hayo kwa miaka, kwa maneno yaleyale, nami nikajibiwa kwa maneno yaleyale, hadi niliporudishwa Singida.

Nilistaafu bendera ya Kiingereza ikiwa inakaribia kushushwa. Mtoto wa Bwana Sonara alikuwa ameshika duka, na bati lilikuwa limefika hatimaye, limechapwa tausi kwa rangi nne kiwandani. Tausi huyo habanduki, havunjiki, na kikopo chake kikishaisha kazi mtu hutilia chumvi. Sina la kusema juu yake.

Siku ya mwisho, Bwana Sonara mwenyewe, mzee sasa, macho yakiwa yamefifia, alinipa kikasha cha mninga kilichofungwa kwa uzi. Nilikitazama kama nilivyozoea kutazama kazi. Lakiri ilikuwa imemwagika hadi pembeni, na katikati hapakuwa na tausi. Palikuwa na alama ya dole gumba tu.

"Bwana," nikasema, "hata leo? Baada ya miaka yote hii umefunga bila chapa?"

"Usiniudhi, fundi. Vunja."

Nikavunja. Ndani, juu ya mahameli nyekundu, kilikuwa kile kipande cha shaba, mpini wake ukiwa umeng'aa kwa mkono wangu.