Nilimkatalia binti yangu kwenda jeshini, na sababu yenyewe sikuweza kuitamka

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi ni mwenyeji humu, wa kupita kimya na kucheka na koment zenu. Leo nimeona na mimi niweke uzi. Haya yamenikuta mwenyewe, si jirani wala yule "rafiki yangu mmoja" tunayemjua wote. Chumvi sitaongeza, iliyomo inatosha. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana kuna watoto wawili wa watu ndani yake.

Nipo Masumbwe. Ni fundi wa kuchomelea, kazi yangu kubwa ni makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Zamani tulikuwa kijijini kule Shinyanga, tunalima pamba na ng'ombe wawili watatu. Nina mke na binti yangu wa kwanza, tumwite Kabula. Ana miaka kumi na nane.

Kabula kamaliza form four kapata division two. Kwa ukoo wetu hiyo ni sherehe ya kuchinja. Nikamhangaikia chuo cha uuguzi, nafasi ikapatikana. Nikaanza kutamba kijiweni kwamba uzee wangu nitachomwa sindano na mwanangu mwenyewe.

Asubuhi moja tunakunywa chai, mtoto ananiambia: "Baba, chuo siendi. Nataka jeshi."

Nikadhani utani.

Kumbe mwenzangu yuko serious. Nafasi za vijana wa kujitolea zilikuwa zinasubiriwa kutangazwa, na yeye alishaanza mazoezi. Zile alfajiri nilizokuwa namsikia akitoka, nikajua kaenda kuteka maji, alikuwa anakimbia barabara ya lami mpaka nje ya mji na kurudi.

Nikakataa.

Wakuu, nilikataa kwa kila staili. Nikamwambia jeshi linakomaza mikono ya mtoto wa kike. Nikamwambia unaweza kumaliza mkataba wa kujitolea na usiajiriwe, ukarudi nyumbani na begi lako. Nikamwambia wenzake watakuwa wanavaa koti jeupe yeye anakata miti porini. Kila nikisema, anajibu "sawa baba", halafu kesho yake anakimbia tena.

Nikaona nibadilishe mbinu. Nikampeleka Mwadui kwa mjomba wake, askari mstaafu, mzee mkali kweli kweli. Nilimpigia simu kabla nikamwomba amtishe mtoto. Tumefika, mzee kamtazama Kabula alivyosimama, kasahau nilichomwomba. Mchana mzima anamfundisha kugeuka kulia na kugeuka kushoto uwanjani, mimi nimekaa kivulini nakunywa maji. Tukarudi mtoto moto umezidi.

Mke wangu akaniuliza, "Baba Kabula, mbona unaogopa kuliko mwenye kwenda?"

Nikainuka nikaenda karakana. Tena yeye sehemu ya jibu alikuwa nayo.

Sasa vuteni viti, maana hapa ndipo penye uzi wenyewe.

Kabula alimaliza darasa la saba kule kijijini akafeli. Mwaka ule aliumwa sana, mtihani kaufanya kama mtu anayeota. Ndipo tukahamia Masumbwe. Mimi sikusoma, na roho iliniuma kuona na yeye anaishia pale pale nilipoishia.

Aliyekwisha kufanya mtihani haruhusiwi kurudi darasani kuufanya tena. Lakini huku kwetu kuna njia, na msijifanye hamuijui. Unatafuta shule yenye mwanafunzi mtoro. Jina lake bado lipo kwenye orodha, mwenyewe hayupo. Mtoto wako anaingia, anaitika jina lile, anafanya mtihani kwa jina lile. Nani kati yetu hamjui hata mtu mmoja aliyesoma kwa jina la mwenzake?

Jina tulilopata ni Neema Charles Lusana. Wazazi wake waliachana, mama yake akahama naye kwenda Chato bila kuaga shuleni. Nikaongea na niliyeongea naye. Jumatatu Kabula akaingia darasani, likaitwa jina la Neema, akaitika.

Nilimwambia ni kwa muda tu, akifika sekondari nitarekebisha. Kila mwaka akawa ananiuliza, "Baba, lile la jina limefikia wapi?" Na mimi najibu faili linashughulikiwa.

Hakukuwa na faili.

Kibaya zaidi, mwenyewe nikaenda kumtolea cheti cha kuzaliwa kwa jina hilo hilo, baba akiandikwa Charles, ili karatasi zifanane. Nyumbani Kabula, shuleni Neema. Mtoto akazoea, na mimi nikalala usingizi.

Hesabu yangu ilikuwa kwamba chuoni wanaangalia cheti, ukishaingia umeingia. Lakini jeshini wanataka kujua umezaliwa wapi, baba yako nani, unatoka kijiji gani, na nilisikia wanatuma watu mpaka huko huko kijijini kuuliza. Kule kijijini kwetu hakuna Neema hata mmoja. Na Charles si mimi.

Kwa hiyo wakuu, mimi sikuwa naogopa bunduki. Nilikuwa nailinda aibu yangu, na mtoto nimemweka mbele kama ngao. Kuandika sentensi hii kumenichukua siku nne.

Nafasi zikatangazwa. Kabula akaniomba niende naye kwa mtendaji kuchukua barua ya utambulisho. Nikasingizia mgongo. Siku ya pili nikasingizia karasha la watu limevunjika. Siku ya tatu akaniuliza taratibu, "Baba, ni lile la jina?"

Nikamwambia nipe wiki moja.

Kuna jamaa pale stendi anajifanya mjuzi wa makaratasi. Akanishauri nimtafute Neema mwenyewe, asaini kiapo kwamba jina lake halitumii na hana pingamizi. Akaniandikia karatasi safi kabisa, imebaki sahihi tu. Nikaikunja nikaiweka mfukoni, nikapanda gari, Bwanga nikaunganisha, nikafika Chato mchana.

Kumpata haikuwa shida. Mama yake anajulikana mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki, anauza dagaa. Nikawakuta wote wawili wanageuza dagaa juani, na mtoto mdogo anazungukazunguka hapo.

"Shikamoo baba," Neema akaniamkia. Binti mchangamfu, rika moja na wangu. Nikajitambulisha kuwa ni mtu wa Masumbwe, nilikuwa nawafahamu zamani. Mama yake akafurahi, akasema karibu, mayu anasonga ugali sasa hivi. Mayu ndiye yeye mwenyewe, ndivyo wanavyojiita akina mama wa kwetu.

Tukala. Nikatafuta pa kuanzia. Nikamuuliza Neema kama anapenda kurudi shule.

Akacheka. Akasema, "Baba, mimi shule ilinikataa."

Akanisimulia. Alipojifungua na mtoto akaacha kunyonya, alisikia wasichana waliokatisha masomo wanaruhusiwa kurudi. Akaenda kujiandikisha. Yule aliyekuwa anaandikisha akatafuta jina lake, akamtazama, akamwambia wewe mbona darasa la saba ulishafaulu, na sasa hivi upo form three? Akaonekana tapeli. Akarudi nyumbani analia.

Mama yake akadakia. Akasema alimpeleka binti kwa mganga, na mganga akatazama akasema kuna mtu ameiba nyota ya huyu mtoto, anaitumia mbali huko.

Wakuu, mimi waganga siwaamini. Lakini yule hakukosea sana.

Karatasi ilikuwa mfukoni. Mkono ulikuwa unaigusa. Sikuitoa. Niliaga, mama yake akanifungashia dagaa wa kwenda kuonja nyumbani, nikawapokea. Mpaka leo sijui nilipata wapi uso wa kuwapokea.

Nimefika Masumbwe, nikamwita Kabula nyuma ya karakana. Nikamweleza yote: faili lisilokuwepo, cheti, Chato, Neema, ile form three. Nilitegemea atapiga kelele, na ningeshukuru.

Aliuliza swali moja tu. "Anajua kwamba ni mimi?"

Nikasema hajui.

Siku mbili hakukimbia. Ya tatu akanikuta nachomelea, akasubiri nivue miwani.

"Baba, jeshini jina linashonwa kifuani. Kila siku nitakuwa navaa Lusana hapa," akajigusa kifua, "na mwenyewe yupo Chato anaanika dagaa. Jeshi nalitaka, baba. Ila nataka niingie mimi."

Nikamwambia ukilikataa hilo jina, unakataa na form four yote. Miaka minne, na division two yako. Jeshi la mwaka huu umelikosa, na hata chuo umekikosa.

Akasema anajua. Na akasema twende Chato wote, nikamwambie Neema kwa mdomo wangu.

Hapo nililia wakuu. Mtu mzima, na mafuta ya karasha mikononi, hata pa kujifutia sina. Nilimtafutia mtoto elimu kwa wizi, na elimu yenyewe ndiyo imemfundisha kunikatalia.

Tukaenda.

Sitaeleza yote. Nilisema nilichokuja kusema, mama yake Neema alininyanyukia na kikapu, na ni haki yake. Kabula hakujitetea hata kidogo. Alitoa cheti cha form four kwenye bahasha akampa Neema.

Neema akafuta mikono kwenye kitenge, akakipokea. Akasoma jina lake. Akashuka chini, somo moja moja, kwa sauti ndogo. Biolojia B. Kiswahili B. Hisabati C.

"Hesabu nilikuwa siziwezi kabisa," akasema, akacheka kidogo.

Halafu akaacha kucheka. Akauliza, "Sasa hiki ni cha nani?"



Tuliporudi nilikwenda mwenyewe ofisi ya elimu, nikaandika maelezo na kusaini, na kile cheti ambacho Neema alikirudisha nikakiacha pale. Nimeambiwa nisubiri kuitwa. Yaweza kuwa kesi, yaweza kuwa onyo, sijui. Nimesema sikimbii. Nimechoka na kukimbia, na miguu ya kukimbia humu ndani ni ya mtu mwingine.

Kuhusu Neema, wameandika kwamba hakufanya ule mtihani wa darasa la saba, suala lake limepelekwa juu. Yeye bado hajanisamehe. Simu za Kabula anapokea, zangu hapokei, na sawa tu.

Kabula sasa anasoma upya akiwa nje ya shule. Kwanza ule mtihani wa maarifa, QT, kisha form four kama mtahiniwa binafsi, kwa jina lake, na baba mwenye jina langu. Ni miaka miwili mambo yakienda vizuri. Umri wa kuingia jeshini una mwisho wake, na yeye anajua, anahesabu miezi. Anaweza kuukosa kwa wiki chache tu, kosa likiwa langu. Likitokea hilo sijui nitamtazamaje.

Asubuhi bado anakimbia. Siku hizi namfuata na baiskeli nyuma, maji nimebeba mimi. Hatuongei sana. Kwenye kilima mimi nashuka nasukuma, yeye ananiacha.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia. Nilidhani kumsapoti mtoto ni kumchagulia njia iliyo salama. Nikaja kugundua ile njia ilikuwa salama kwangu mimi. Mzazi ukiona unapinga kitu kwa nguvu na sababu zako zinabadilika kila siku, jikague, huenda sababu yenyewe umeificha uvunguni. Na ninyi wenye watoto wanaosoma kwa majina ya wenzao, nawajua mpo humu, huko kwingine kuna Neema. Hujamwona tu.

Wajuvi wa sheria na elimu, nisaidieni hapa: kuna namna yoyote Neema arudishiwe nafasi yake haraka? Waliopita QT, mtoto wa kichwa kizuri anaweza kubana muda? Na waliopo jeshini, mnaweza kumwambia binti neno la ukweli, hata kama ni chungu.

Wa kunitukana mtukane, nimeshakaa mkao. Mtoto tu mwacheni. Jina lake ndiyo kwanza amelipata.